Uingereza ya Jumapili

Jumapili, 6 Agosti 2017

Leicester tena. Gari limekataa kuwaka mara mbili, la tatu likakubali kwa kuguna. Tumetoka Troyeville baada ya chai. Kabla Mwantumu hajamaliza kumenya chungwa tulikuwa tumeshafika.

Leicester ni barabara tu hapa Johannesburg, kule juu Kensington. Nyumba za mabati mekundu, kuta ndefu, nyaya za umeme juu ya kuta, mbwa wanaochukia watu wote bila ubaguzi. Lakini kitabu cha mwongozo wa safari kinasema Leicester ni mji wa kale wenye soko zuri na mabaki ya Warumi, na mwenye gari atenge nusu siku. Nasi tukatenga nusu siku. Tumeegesha chini ya mti, injini imezimwa, blanketi magotini. Kitabu kinashauri blanketi magotini.

Nasoma kwa sauti, natafsiri. Penye neno gumu naruka. Mke wangu anajua naruka. Ananiacha.

Niandike wazi, maana kichwani nazungukazunguka. Mwantumu anataka kurudi Tanga. Si kutembea. Kurudi. Kuna nyumba aliyoachiwa na mama yake Ngamiani, chumba chake kipo, dada yake yupo. Mvua za huku zikianza anataka zimkute yuko kwao. Hatujagombana. Afadhali tungegombana, ningejua pa kuanzia.

Mimi siendi. Nirudi Tanga na nini? Na sindano ya kushonea viti?

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake. Mwantumu kasherehekea kwa kufua. Nilijitolea kuanika, akaniambia nikaushe mikono nikae, naanika kama mtu anayetupa samaki.

Nikae basi niandike jinsi vitabu hivi vilivyotufikia. Mimi ni fundi wa viti vya magari, Doornfontein, karakana ya nyuma, penye harufu ya gundi. Bibi mmoja wa Kizungu aliniletea gari la Kiingereza la zamani sana, viti vya ngozi vimepasuka kama nyayo. Nilipoinua kiti cha nyuma nikakuta vitabu vidogo vya mwongozo wa safari, vimepangwa vizuri, kila mkoa wa Uingereza na kitabu chake. Vya watu wenye magari enzi ambazo kuwa na gari kulikuwa ni jambo. Ramani za kukunjua. Mahoteli yenye kufaa. Mahali pa kunywa chai. Vinanuka ukungu mpaka vinakohoza. Bibi akasema baba yake alivinunua akijiandaa kwenda, hakwenda. Akanipa.

Hakwenda. Nikacheka peke yangu karakanani.

Maana sisi nasi tulitoka Tanga tukienda Uingereza. Kila mtu Ngamiani alijua. Johannesburg tulishuka kubadilisha gari tu. Binti yetu Rehema alikuwa mgongoni. Sasa Rehema anauza simu dukani, anatusikia kwa Kiswahili, anatujibu kwa Kiingereza, anatununia kwa Kizulu, na sisi bado tunasubiri hilo gari jingine. Mashangazi waliacha kuuliza kama tumeshafika. Adabu tu.

Mwezi uliopita Mwantumu aliniambia habari ya kurudi. Nikamwambia, basi kabla hujaondoka nikufikishe Uingereza. Nikafungua ramani ya mji, nikamwonyesha: Leicester ipo. Nottingham ipo. Northumberland, Westmoreland, Cumberland, zote hapo juu Kensington, Wazungu walikuja na majina yao kama sisi tulivyokuja na masufuria. Alicheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia muda mrefu. Kwa ajili ya kicheko kile ndiyo maana kila Jumapili naharibu petroli.

Jumapili, 13 Agosti

Northumberland. Baridi. Upepo wa Agosti juu ya ule mgongo wa kilima, vumbi la migodi, macho mekundu. Kitabu kinasema Northumberland ni mkoa wa mwisho kaskazini, ngome nyingi, upepo mkali kutoka baharini. Upepo tumeupata. Ngome pia tumezipata, kila nyumba ina geti la chuma.

Mwanamume mmoja katoka na mbwa wake kutuuliza tunatafuta nini. Nikamwambia tunatembea tu, mimi na mke wangu, kuangalia nyumba. Akatutazama. Mwantumu akamsalimia kwa Kizulu chake kibovu, yule bwana akamjibu kwa Kizulu kibovu zaidi, wakaachana kwa amani.

Ndani ya gari akaniambia, "Baba Rehema, kule Ngamiani hakuna mtu angeniuliza nimesimama hapa kwa nini."

Nikasoma habari za ngome.

Nimechoka mgongo.

Alhamisi, 17 Agosti

Kioo cha karakana kimevunjwa. Hakuna kilichoibwa, jiwe tu, liko katikati ya sakafu kama mgeni aliyeketi. Majirani wanasema ni vijana. Wapo wanaosema mengine, yale ya rudini kwenu. Nimebandika ubao.

Sikutaka kumwambia Mwantumu. Rehema kamwambia.

Kapika ugali, kakaanga samaki, kanitengea kipande cha mkia ninachokipenda. Ukimya wake na samaki. Kipi kimeniogopesha zaidi sijui.

Jumapili, 27 Agosti

Essex. Si Essex yenyewe, ni Essexwold, kule Bedfordview kwa matajiri. Kitabu cha Essex ndicho chembamba kuliko vyote, mwandishi naona hakuupenda huo mkoa. Tukafika, tukakuta kizuizi cha barabarani na mlinzi kibandani. Kijana wa watu, koti kubwa kuliko yeye. Nilianza na Kiingereza changu cha kuombea kazi. Akanisikiliza, akatabasamu.

"Papa, uko mutu ya Tanzania?"

Kumbe ni wa Bukavu. Mwantumu akafungua kioo chake mara moja, kama amesikia jina lake.

"Munaenda kwa nani, mama?"

Nikadakia mimi: kwa Essex.

"Eh, papa, huku hakuna mutu anaitwa Essex. Niko hapa tangu mwaka jana, wote nawajua, na mbwa zao."

Tukacheka mpaka gari likazimika lenyewe. Hakutufungulia. Kazi yake. Lakini tulikaa naye pembeni, Mwantumu akampa maandazi, akamuuliza mama yake yuko wapi, kama amekula, kama koti hilo linatosha. Kijana akasema yeye huku anapita tu. Anatafuta njia ya Kanada.

Mwantumu akamtazama sana.

Njiani kurudi, kwenye robot ya Langermann, taa nyekundu, akasema polepole, wala si kwangu: "Wote tunapita tu." Robot ikawa kijani. Nyuma wakapiga honi. Sikuondoka mara moja.

Jumanne, 12 Septemba

Amekata tiketi. Basi la Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwenda tu.

Nimeiona juu ya friji, chini ya sumaku ya nanasi. Nimefungua friji, nimefunga friji. Nimesahau nilichotaka.

Jumatano, 13 Septemba

Rehema kaniuliza kwa nini simkatazi. Nikamwambia mama yako si kiti, siwezi kumpigilia misumari.

Akasema, "Eish, Baba." Akaingia chumbani kwake. Kasema hivyo kwa sauti ya mama yake kabisa.

Yeye haendi. Alisema zamani. Tanga kwake ni mahali pa kwenye simu, watu wazima wanaolia na kumuuliza kama anasali.

Jumapili, 17 Septemba

Nottingham. Haikuwa na kitu. Mti mmoja umechanua. Tumekaa, tumerudi.

Jumapili, 24 Septemba

Devon.

Devon yenyewe, si barabara. Mji mzima, unatoka mashariki, unapita Springs, unaendelea. Nilikuwa nimeuweka akiba kwa mwisho. Kitabu cha Devon ndicho kinene. Mwenye kukisoma atadhani hakuna mahali pengine duniani: udongo mwekundu, vichochoro kati ya nyasi ndefu, farasi wadogo porini, bahari huku na bahari huku, na kila kijiji chai yake yenye malai na jemu.

Tumeondoka mapema kama kitabu kinavyotaka. Mwantumu kavaa khanga mpya ndani ya baibui, nimeiona pindo. Alikuwa na kikapu: chai kwenye chupa, maandazi ya iliki. Rehema kakataa kuja, kisha dakika ya mwisho katuletea mafuta ya mikono ya mama yake yaliyosahauliwa, akambusu, akarudi ndani mbio.

Baada ya Springs nchi ikafunguka. Majani yaliyochomwa, meusi, na katikati ya weusi kijani kinaanza. Maghala marefu ya mahindi. Hakuna mtu. Mwantumu kashusha kioo, akaacha upepo umpige usoni. Akaanza kuimba pole pole, zile za harusi za kwao. Nikapunguza mwendo. Nikatamani petroli iishe.

Devon ina kituo cha mafuta, duka la pombe, duka la mbegu, kanisa, na mbwa aliyelala barabarani akijua hakuna gari. Bahari haikuwepo upande wowote. Udongo mwekundu ulikuwepo. Nikamwonyesha kwa kidole kama vile nimeuleta mimi.

Dukani nikanunua malai ya kopo na jemu. Tukakaa nyuma ya maghala, kwenye kivuli, mkeka chini. Tukapaka maandazi malai na jemu. Ni kitu kibaya sana. Alikula mawili.

"Kwa hiyo hii ndiyo Uingereza."

"Hii ndiyo."

"Wanaishije?"

"Wanavumilia."

Akacheka, malai kwenye kidevu. Hapo ilikuwa nimwombe asiende. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikayameza na andazi.

Adhuhuri ikaingia. Akatawadha kwa maji ya chupa, kisha akasimama na khanga yake, ananiangalia. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza: sala ya rakaa nne anasali mbili, na anaweza kuunganisha Adhuhuri na Alasiri. Mkaazi hana ruhusa hiyo, anakamilisha nne. Akaniuliza:

"Baba Rehema, hapa tumesafiri?"

Nikatazama barabara. Nikasema tumesafiri.

"Una hakika?"

"Mwanamke, uko Devon."

Tukasali mbili, tukatoa salamu, tukasali mbili nyingine. Alipomaliza alikaa muda mrefu. Akasema tangu siku ile tulipotoka Tanga, ndiyo mara ya kwanza anasali sala ya msafiri. Kweli. Hatujawahi kwenda mbali tena. Hata mama yake alipozikwa hatukuwahi kwenda.

Sauti yake ilikuwa nyepesi. Kama mtu aliyeambiwa mizigo yake imepatikana.

Tukarudi bila kusoma kitabu.

Jumatatu, 25 Septemba

Mapumziko ya sikukuu ya urithi iliyoangukia jana Jumapili. Nilipita Newtown sokoni kwa Ustadh, yule wa Zanzibar anayeuza udi na kofia na ndiye anayetusalisha Ijumaa. Nilimsimulia Devon kwa majigambo. Akaacha kukunja kofia.

"Bakari, Devon? Ile ya baada ya Springs?"

"Hiyo hiyo."

"Mbona pale ni hapo tu! Haifiki masafa ya safari. Karibu, lakini haifiki. Mmesali mbili?"

Nikashika kofia moja, nikaigeuza.

"Tena mkaunganisha?"

Nikaigeuza tena. Alicheka mpaka akashika meza. Akaita na muuza viatu wa jirani aje asikie. Kisha akapangusa macho, akasema kwa upole mkazirudie, zote mbili, kamili, nne nne. Na nimsalimie mama.

Nyumbani nikamwambia. Nilitegemea kuzomewa. Alikuwa anakunja nguo za kwenye begi. Akaacha.

"Kwa hiyo hatukusafiri."

"Hatukusafiri. Ustadh anasema pale ni kwetu tu."

Akatandika mswala, tukasali, nne na nne, kati ya begi na kochi. Mimi mbele. Nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi katika sijda ya mwisho. Tulipotoa salamu akabaki amekaa, anaangalia lile begi.

"Miaka yote hii nilidhani niko njiani," alisema.

Nilingoja aendelee. Akaenda kuangalia wali.

Sikujua niweke furaha au msiba. Bado sijui.

Jumamosi, 30 Septemba

Ameondoka.

Basi lilichelewa, watu walikaa juu ya mabegi, mablanketi, runinga zilizofungwa kwa kamba. Rehema alilia kwa Kiswahili. Nilikuwa sijajua kwamba anaweza. "Mama usiende, Mama." Mwantumu alimfuta macho kwa ncha ya mtandio kama alivyomfuta kamasi akiwa mdogo.

Mimi nilibeba mizigo. Niko hodari kwa mizigo. Nikamwambia asinunue mayai ya kuchemsha Zambia. Hilo ndilo nililomwambia mke wangu.

Alipanda. Akakaa dirishani upande usio wetu, ndiko kiti chake kilikokuwa.

Jumatano, 4 Oktoba

Kapiga. Kafika Tanga mchana. Sauti za watu nyuma, watoto, jogoo. Kachoka lakini mzima. Dada yake kamtandikia shuka mpya.

Nilimuuliza kama amesali. Swali la kijinga. Tulijua wote ninachouliza.

"Nimesali."

"Ngapi?"

"Nne, Baba Rehema. Niko kwetu."

Nikamwambia vizuri. Nikamwambia Rehema anamsalimia. Nikakata simu nikashona kiti cha teksi upande wa ndani nje. Nimelazimika kukifumua chote.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimekwenda Westmoreland peke yangu. Kitabu kinasema ni mkoa wa maziwa na milima, uzuri wake unamliza mtu. Kiti cha pembeni nikaweka blanketi, halafu nikaona linafanana na mtu, nikalitupa nyuma. Nikakaa. Mbwa akabweka. Nikarudi.

Sitakwenda tena.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza. Radi, mawe ya barafu, umeme ukakatika mtaa mzima. Ubao wa dirisha la karakana umevimba.

Rehema kapika wali ukawa uji. Tumekula. Nimemwambia ni mtamu. Akaniambia baba, acha.

Tunazunguka nyumbani kama wapangaji wawili.

Jumapili, 29 Oktoba

Mwantumu leo kaongea sana, jambo lisilo kawaida yake kwenye simu. Vuli imeanza Tanga, barabara ni matope. Chumba chake kipo kweli, dada kamwachia, watoto wa dada wamehamia ukumbini, wanalala chini kwa ajili yake. Akiingia jikoni wanamtoa: pumzika, mgeni. Chakula anatengewa peke yake kwenye sinia, kimefunikwa na kawa. Mwezi umekaribia na bado wanamfunikia na kawa. Sokoni anauziwa kwa bei ya mtu wa nje. Mtaani wanamwita Mama Sauzi.

"Mimi, Baba Rehema! Mimi niliyezaliwa ile nyumba, mkunga akiwa bibi yangu!"

Nilitaka kucheka, nilitaka kusema unaona. Nikajizuia. Niliuliza tu kama kaburi la mama yake amelizuru.

Kalizuru. Kalipalilia. Alikaa pale asubuhi nzima. "Hilo nimelimaliza," akasema. Kisha akauliza gari linawakaje siku hizi.

Nikasema linaguna.

Ijumaa, 10 Novemba

Nilikuwa chini ya kiti cha basi dogo, gundi mpaka kwenye nyusi, simu ikalia.

"Niko Chalinze."

Nikauliza Chalinze anafanya nini.

"Nasubiri basi. Nimesali Adhuhuri hapa msikitini kando ya stendi. Nimesali mbili."

Kulikuwa na kelele za wauza korosho. Nikakaa kitako sakafuni.

"Unakwenda wapi, Mama Rehema?"

"Nakwenda kumwona mwanangu. Na usijipe moyo. Nakuja kuangalia. Sijasema nakaa."

Nikasema sijipi moyo. Nikasema asinunue mayai ya kuchemsha Zambia.

"Mwanamume wewe," akasema. Simu ikakatika.

Nimejipa moyo kidogo. Halafu nikajinyang'anya.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimeosha gari ndani na nje. Rehema kaniangalia dirishani, akashuka na ndoo yake bila kuitwa. Kaniuliza Mama anarudi kabisa? Nikamwambia mama yako anakuja kuangalia. Akasema aangalie nini, anatujua.

Nimeweka kioo kipya karakanani. Kilikuwa kimesubiri tu.

Jumanne, 14 Novemba

Basi limeingia usiku, mvua imetoka kukata. Kashuka mwembamba zaidi, miguu imevimba, begi lilelile. Na kitu kizito kimefungwa kwenye khanga. Nikakipokea. Ni mbuzi ya kukunia nazi, ya mama yake, ubao umekuwa mweusi kwa miaka ya mikono.

Mtu hapitishi mbuzi ya nazi kwenye mipaka yote ile kwa kuja kutembea, nikawaza. Moyo ukaruka. Akaniona.

"Nimemletea Rehema," akasema. "Ajifunze kupika."

Moyo ukakaa chini.

Magharibi na Isha alikuwa ameshaziunganisha njiani, kituo cha mafuta, kisafiri. Hakuna cha kusoma hapo. Kala kidogo, kamkumbatia Rehema sana, kalala na viatu. Nimemvua. Sikuuliza siku ngapi. Mtu akinuia kukaa siku chache tu anabaki msafiri, anaendelea na mbili zake. Akinuia kukaa ndipo anakamilisha.

Jumatano, 15 Novemba

Alfajiri kasali. Alfajiri haisemi kitu, ni mbili kwa kila mtu.

Nilikwenda karakanani. Nilishona, nikakosea, nikashona. Ilipokaribia Adhuhuri nikawaambia wenzangu nimesahau mkasi nyumbani. Mkasi ulikuwa mkononi. Hakuna aliyesema kitu, watu wa Doornfontein wana heshima zao.

Nimepanda ngazi polepole, mgongo. Mlango haukuwa umefungwa. Nikavua viatu nikabaki navyo mkononi, kizingitini, kama mwizi katika nyumba ninayoilipia kodi.

Alikuwa amesimama kwenye mswala, mgongo kwangu, pale pale kati ya kochi na ukuta. Begi lilikuwa limefunguliwa, limelala tupu. Nisingelitazama begi. Begi mtu anaweza kulijaza tena.

Akarukuu. Akasujudu. Akasimama ya pili. Nilimsikia Rehema chumbani akiongea na simu, chini mtaani mtu anauza mahindi mabichi. Akarukuu. Akasujudu. Akakaa tahiyatu.

Hapo ndipo msafiri anapotoa salamu.

Alikaa. Kidole chake kikainuka juu ya goti, kikatulia. Viatu vilikuwa vinadondosha maji kwenye soksi zangu.

Akasimama. Ya tatu.

Nikaenda jikoni kuweka maji ya chai.